Uzi: Mwanahisa mwenye asilimia 30 akibanwa na wenye 70, sheria inampa nini hasa?

#1 · Asilimia30
Wakuu, salaam. Tuchukue mfano huu tuuchambue. Kampuni binafsi, hisa 1,000. Wanahisa wawili wana 700 kwa pamoja, wa tatu ana 300. Walianza wote watatu wakiwa wakurugenzi. Sasa wenye 700 wamemtoa mwenzao kwenye bodi kwa kura. Gawio halitangazwi mwaka wa nne huu, lakini mishahara na posho za wakurugenzi waliobaki inapanda kila mwaka. Akiomba hesabu hapewi. Kuna fununu za kutoa hisa mpya. Kuuza nje hawezi, kwa sababu katiba ya kampuni inawapa wakurugenzi mamlaka ya kukataa kusajili uhamisho wa hisa.

Dai langu, na mnipinge: kwa vitendo huyu hana kitu. Akienda mahakamani ataambiwa mwenye haki ya kushtaki ni kampuni, na kampuni iko mikononi mwa hao hao.

#2 · KifunguKwaKifungu
Hiyo ni sheria ya mwaka 1843, mkuu. Ndiyo kanuni ya Foss dhidi ya Harbottle: kosa likitendwa dhidi ya kampuni, mlalamikaji ni kampuni, si mwanahisa mmoja mmoja. Kanuni bado ipo, ila mabunge yamefungua mlango wa pembeni. Tanzania ni kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya 2002. Kenya ni vifungu vya 780 hadi 782 vya sheria yao ya 2015. Uingereza ni 994 hadi 996 vya sheria ya 2006. Ukivisoma utaona ni ukoo mmoja: mwanachama anaiomba mahakama amri kwa sababu mambo ya kampuni yanaendeshwa, au yaliendeshwa, kwa namna inayoumiza maslahi yake isivyo haki.

Hapo kuna vitu viwili, na vyote lazima vithibitishwe: ameumia, na ameumizwa isivyo haki. Kuumia peke yake hakutoshi. Na jambo linaweza kuwa halali kabisa kwa sheria na katiba, bado likawa si la haki. Kumtoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, ni halali. Swali la mahakama linaanzia hapo, haliishii hapo.

(Namba za Tanzania nazitaja kama zilivyo kwenye sheria ya 2002. Mwenye toleo lililorekebishwa alinganishe kabla ya kuandika chochote.)

#3 · Mtaka_Cha_Mvunguni
Ana asilimia 30 anasema hana kitu. Sisi wa asilimia 2 tuseme tunaishi kwa maombi?

#4 · HesabuSafi
Nianze na hesabu maana wanasheria wanairuka. Asilimia 30 si haba. Azimio maalumu linahitaji robo tatu ya kura. Kwa hiyo mwenye 300 kati ya 1,000 anazuia kubadilisha katiba, kupunguza mtaji, kubadili jina la kampuni. Kwa Tanzania, mwenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura anaweza pia kuwalazimisha wakurugenzi waitishe mkutano mkuu wa dharura.

Ndiyo maana fununu ya hisa mpya ni jambo la kwanza kushughulikia, kabla ya gawio na kabla ya ukurugenzi. Wakitoa hisa 400 wakajigawia wenyewe, 300 juu ya 1,400 ni asilimia 21.4. Kufuli limevunjika. Tena hawahitaji hata 400, hisa 201 zinatosha.

#5 · PembeTatu
#4, zinatosha 200. Jumla ikiwa 1,200, wao wana 900, ambayo ni robo tatu kamili. Sheria inataka kura zisizopungua robo tatu, haisemi zaidi ya robo tatu. Mwenye asilimia 25 kamili hazuii kitu. Na robo tatu inahesabiwa kwa kura zilizopigwa, kwa hiyo akikosa mkutano bila kutuma mwakilishi, hata hizo 300 hazimsaidii siku hiyo.

#6 · HesabuSafi
Mia mbili au mia mbili na moja, hoja ni ile ile: awahi.

#7 · DadaPetisheni
Awahi vipi, hapo ndipo watu wanakwama. Njia ni zuio la muda, linaloombwa pamoja na shauri lenyewe. Tanzania vigezo vinavyotajwa kila siku ni vya Atilio dhidi ya Mbowe (1969): kuna suala zito la kuamuliwa, kuna madhara yasiyofidika kwa fedha mahakama isipoingilia, na uzito wa usumbufu uko upande gani. Kenya wanatumia Giella dhidi ya Cassman Brown (1973), vigezo vinakaribiana.

Kinachoangusha maombi haya mara nyingi ni kigezo cha pili. Ukiandika kwenye kiapo kwamba hasara yako ni gawio, umejimaliza mwenyewe: gawio ni fedha, fedha zinafidika. Andika kwamba utapoteza uwezo wa kuzuia azimio maalumu, na kwamba katiba ikishabadilishwa na hisa zikahamia kwa mtu wa tatu hakuna kurudi nyuma. Ambatisha notisi ya mkutano au rasimu ya azimio. Fununu hairuhusu jaji kukupa kitu.

Kuhusu hisa zenyewe, someni Clemens dhidi ya Clemens (1976). Shangazi ana asilimia 55, mpwa wake 45. Shangazi akatumia kura zake kupitisha utoaji wa hisa uliomshusha mpwa chini ya asilimia 25. Mahakama ikatengua maazimio. Na Howard Smith dhidi ya Ampol (1974) iliweka wazi kwamba wakurugenzi wakitumia mamlaka ya kutoa hisa ili kubadili nani ana wingi, hata kama hawachoti hata senti, wametumia mamlaka kwa lengo lisilo lake.

#8 · Mtaka_Cha_Mvunguni
Sasa wakimpa na yeye nafasi ya kununua kwa uwiano wake? Kila mtu anunue, asiye na pesa shauri yake.

#9 · DadaPetisheni
#8, huo ndio ujanja wa siku hizi. Kutoa kwa uwiano hakusafishi kila kitu. Wakijua hana fedha, kampuni haihitaji mtaji, na bei imewekwa chini mno ya thamani, mahakama zimeshasema huo unaweza kuwa uonevu. Lakini kampuni ikiwa inahitaji mtaji kweli, benki imekataa, na bei ni ya haki, basi shauri yake kweli. Kwa hiyo ushahidi wa kutafuta ni mpango wa matumizi ya hizo fedha. Kama bodi haina, imejieleza yenyewe.

#10 · VunjaTugawane
Mnazunguka. Dawa ni moja: aombe kampuni ivunjwe kwa misingi ya haki na usawa. Ebrahimi dhidi ya Westbourne Galleries, uamuzi wa Bunge la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, uliochapishwa 1973. Ebrahimi na Nazar walikuwa wabia wa biashara ya mazulia, wakaigeuza kuwa kampuni, Nazar akamwingiza mwanawe, baba na mwana wakamtoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Faida ilikuwa inalipwa kama mishahara ya wakurugenzi, si gawio, kwa hiyo kumtoa kwenye bodi kulimaanisha kumtoa kwenye pesa. Kampuni ikaamriwa ivunjwe. Mfano wa #1 ni huo huo!

#11 · KifunguKwaKifungu
#10, unafanana kwa sura, si lazima kwa undani. Lord Wilberforce, jaji katika kesi hiyo, alitaja dalili tatu za kampuni yenye sura ya ubia: uhusiano wa kuaminiana kati ya watu, makubaliano kwamba wote au baadhi watashiriki kuendesha, na vizuizi vya kuhamisha hisa. #1 ametupa dalili ya tatu wazi, na ya pili kwa kudokeza. Ya kwanza hajasema. Kama yule wa tatu aliingia kama mwekezaji, akaweka fedha na kukaa kwenye bodi kulinda fedha zake, Ebrahimi haimsaidii sana.

#12 · KaratasiKwanza
Na hata ikimsaidia, kuvunja ni silaha ya kujipiga mguuni. Fikirieni mlolongo. Petisheni ya kuvunja ikitangazwa, benki zinashika akaunti, kwa sababu malipo yanayofanywa baada ya petisheni kuwasilishwa yanaweza kuwa batili mahakama isipoyaidhinisha. Wasambazaji wanataka fedha taslimu. Wateja wakubwa wanahama. Mali inauzwa kwa bei ya mnada, mfilisi analipwa, wadai wanalipwa, wanahisa wa mwisho foleni. Mwombaji mwenye hisa zilizolipiwa zote lazima pia aonyeshe kuna ziada itakayomfikia. Na kama kuna nafuu nyingine ambayo ni upumbavu kuikwepa, mahakama inaweza kumnyima hii.

Watu wanaiweka kwenye petisheni kama nyongeza ya kutisha. Majaji hawapendi.

#13 · VunjaTugawane
Kutisha ndiko kunakoleta watu mezani, mkuu. Kwa nini wanahisa wengi wanunue hisa zake kama hawaogopi chochote?

#14 · KaratasiKwanza
Kwa sababu amri ya kawaida chini ya 233 na ndugu zake ni hiyo hiyo: wengi wanunue hisa za mchache kwa bei ya haki. Mahakama pia inaweza kudhibiti uendeshaji wa kampuni, kuzuia kitendo, kuruhusu shauri kwa jina la kampuni, au kukataza katiba isibadilishwe bila ruhusa yake. Lakini watu wakishafika hapo hawataki tena kukaa meza moja, kwa hiyo kununuana ndiyo nafuu inayotolewa mara nyingi.

#15 · Asilimia30
Asanteni. Niulize hivi: kwa nini asishtaki tu wakurugenzi kwa kuchota mishahara? Hiyo ni hela ya kampuni.

#16 · KifunguKwaKifungu
Anaweza, kwa shauri la niaba ya kampuni. Tanzania kifungu cha 234, Kenya kuanzia 238. Ni lazima apate ruhusa ya mahakama kwanza, na ataulizwa kama ana nia njema na kama shauri lina manufaa kwa kampuni. Tanzania awe pia amewapa wakurugenzi notisi. Anaweza kuomba kampuni ibebe gharama zake, msingi wake ni Wallersteiner dhidi ya Moir (Na. 2), 1975.

Tatizo ni nani anapokea. Akishinda, fedha zinarudi kwenye akaunti ya kampuni, ambayo wanaishika wale wale. Asijaribu kukwepa kwa kudai binafsi kwamba thamani ya hisa zake imeshuka kwa sababu kampuni imeibiwa. Hasara hiyo ni kivuli cha hasara ya kampuni na hairuhusiwi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililirudia hilo katika Sevilleja dhidi ya Marex (2020).

#17 · HesabuSafi
Ila kwenye petisheni ya uonevu (ile ya kifungu cha 233) mishahara ile ile inarudi kwa mlango mwingine: mthamini anaambiwa airudishe kwenye faida kabla ya kuthamini. Kwa hiyo anapata sehemu yake kupitia bei. Binafsi naona shauri la niaba ni la kampuni ambayo mchache anataka kubaki nayo.

Kuhusu gawio msitegemee sana. Hakuna haki ya kupewa gawio kwa sababu tu kuna faida. Ila katika kesi ya Sam Weller (1990) kampuni ililipa gawio lile lile miaka 37 huku faida ikikua na wakurugenzi wakiendelea kulipwa, na mahakama ikakataa kulitupa shauri. Chora jedwali la mwaka kwa mwaka lenye safu nne: faida baada ya kodi, mishahara na posho za wakurugenzi, mikopo kwa wakurugenzi, gawio. Ukurasa mmoja. Jaji akiona safu ya pili inapanda na ya nne ni sifuri, umemaliza nusu ya kazi.

#18 · PembeTatu
Jedwali zuri, na hesabu atazitoa wapi? #1 kasema hapewi.

#19 · KaratasiKwanza
Zipo njia, kwa mpangilio huu.

Kwanza taarifa za kampuni kwa Msajili: BRELA kwa Tanzania, na CR12 kwa Kenya inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Lengo ni kuhakikisha jina lake lipo na idadi ya hisa ni sahihi. Haki ya kuleta petisheni ni ya mwanachama, na mwanachama ni aliyeandikwa kwenye daftari, au aliyerithi au kuhamishiwa hisa kwa nguvu ya sheria. Wapo waliochangia mtaji wakapewa neno tu; hao waanze na kuomba daftari lirekebishwe, la sivyo pingamizi la awali litawaondoa siku ya kwanza.

Pili, barua ya kudai nakala ya hesabu za mwaka na kukagua mihutasari ya mikutano mikuu. Angalieni hapo: mwanahisa ana haki ya mihutasari ya mikutano mikuu, hana haki ya mihutasari ya bodi. Mkurugenzi ndiye anayeona vitabu vyote. Kwa hiyo anayenusa kwamba notisi ya kumtoa inakuja, akague vitabu akiwa bado ndani, kwa haki yake, bila kuiba kompyuta ya mtu.

Tatu, barua ya madai yenye pendekezo la kununuliwa. Nne, petisheni Mahakama Kuu. Petisheni, si hati ya madai ya kawaida. Kifungu kinataja njia. Wajibu maombi wawe wanahisa wengine wote, na kampuni yenyewe ili ifungwe na amri.

#20 · DadaPetisheni
Ongeza hapo kwenye #19: kampuni isigharimie utetezi wa wenye wingi. Ugomvi ni wa wanahisa, kampuni iko pale kwa jina. Ukiona ankara ya wakili wao inalipwa na akaunti ya kampuni, hilo ni tukio jipya la uonevu na unaliombea zuio.

Na kabla ya yote tazameni kama makubaliano ya wanahisa yana kifungu cha usuluhishi. Kwa Uingereza, Fulham dhidi ya Richards (2011) ilisema malalamiko ya uonevu yanaweza kupelekwa kwa msuluhishi na kesi ya mahakamani ikasimamishwa. Amri ya kuvunja kampuni ndiyo msuluhishi hawezi kuitoa.

#21 · WakiliWaWengi
Nisemee upande wa asilimia 70, maana humu wanahukumiwa bila kusikilizwa. Mchache naye ana tabia zake: haji kazini, ameanzisha biashara ya ushindani, anasaini hundi hataki. Sheria haimtaki awe malaika, kesi ya London School of Electronics (1986) ilisema hivyo, lakini mwenendo wake unaweza kufanya kilichomkuta kisiwe uonevu, au kupunguza nafuu.

Pia hakuna talaka bila kosa. O'Neill dhidi ya Phillips (1999): O'Neill alitarajia kupewa asilimia 50, mazungumzo yalikuwepo, hayakufikia makubaliano, akashindwa. Matarajio ya moyoni si haki.

Kesi hiyo hiyo inawapa wenye wingi kinga. Toa pendekezo la kununua kwa thamani ya haki, bila punguzo la uchache pale kampuni ina sura ya ubia, mthamini huru akiamua msipoelewana, pande zote zione taarifa sawa, na gharama za kesi zilizokwisha kutumika zifikiriwe. Mchache akikataa pendekezo kama hilo, petisheni yake inaweza kufutwa na akalipa gharama.

#22 · HesabuSafi
#21 umegusa kitu kinachoamua ugomvi wote: punguzo. Kampuni ikithaminiwa 100, asilimia 30 bila punguzo ni 30. Mthamini akikata asilimia 40 kwa sababu hisa za uchache hazina udhibiti na haziuziki, inabaki 18. Kesi nzima mnapigania hizo 12.

Kampuni yenye sura ya ubia, kesi ya Bird Precision Bellows inasema bila punguzo. Isiyo na sura hiyo, Irvine dhidi ya Irvine (2006): mwenye asilimia 49.96 alihesabiwa kama mchache, akakatwa. Asilimia 49.96!

#23 · VunjaTugawane
Ndiyo maana nasema vunja. Mfilisi hana punguzo la uchache, kila hisa inapata sawa.

#24 · HesabuSafi
Sawa na sawa ya bei ya mnada.

#25 · Mtaka_Cha_Mvunguni
Nyie wawili fungueni uzi wenu.

#26 · Mhamiaji_Delaware
Kwa wanaosajili Marekani wakidhani ni salama zaidi: inategemea jimbo. Massachusetts tangu Donahue (1975) na Wilkes (1976) wanahisa wa kampuni ndogo wanadaiana uaminifu karibu kama wabia. Delaware katika Nixon dhidi ya Blackwell (1993) ilikataa kubuni ulinzi maalumu wa mahakama kwa wachache. Ungetaka ulinzi, ungeuandika mwanzoni. Texas mwaka 2014, Ritchie dhidi ya Rupe, nao wakaufunga mlango wa dai la uonevu nje ya sheria iliyoandikwa. India nako kuna kizingiti: kwa kampuni yenye mtaji wa hisa, wanachama 100, au sehemu moja ya kumi ya wanachama, au mwenye sehemu moja ya kumi ya hisa. Mwenye asilimia 2 wa #3 asiende India.

#27 · PembeTatu
Nakubaliana na Delaware kuliko nyie wote. Chanzo si sheria wala majaji, ni katiba za kunakili. Bushell dhidi ya Faith (1970): kaka na dada wawili, kila mmoja hisa 100. Katiba ilisema mkurugenzi anayetakiwa kuondolewa, kila hisa yake inahesabiwa kura tatu kwenye azimio hilo. Dada wakapiga 200, kaka akapiga 300, akabaki. Sentensi moja. Yule wa #1 angekuwa nayo: kura 900 dhidi ya 700.

#28 · WakiliWaWengi
Na nani angewekeza kwenye kampuni ambayo mkurugenzi mbovu hatoki? Kila kifungu cha kumlinda mchache ni kifungu cha kukwamisha. Chanzo ni watu kuanzisha kampuni bila kukubaliana bei ya kuachana. Weka fomula ya kununuana na mthamini, basi.

#29 · DadaPetisheni
Fomula nazo zinaumiza. Nimeziona zinazosema thamani ya vitabu, wakati kampuni ina ardhi iliyoandikwa kwa gharama ya kununulia ya zamani. Mchache anaondoka na karanga, tena kwa saini yake.

#30 · Asilimia30
Mawili ya mwisho. Thamani inahesabiwa siku gani? Na kama huyu hataki kuuza, anataka kampuni?

#31 · HesabuSafi
Siku: kianzio ni tarehe ya amri ya kununua, ndivyo ilivyosemwa katika Profinance dhidi ya Gladstone (2001). Ila kama wenye wingi wameiteketeza biashara au wamehamishia wateja kampuni nyingine, tarehe inaweza kurudishwa nyuma ili wasifaidike na uharibifu wao. Anayetaka tarehe ya nyuma aiombe ndani ya petisheni na aseme ni ipi, asisubiri siku ya mthamini.

#32 · KifunguKwaKifungu
La pili: mahakama inaweza kuwaamuru wenye wingi wamuuzie mchache. Ni nadra. Kesi ya klabu ya mpira ya Nuneaton Borough ni mfano. Anayeiomba aonyeshe fedha ya kununua hisa 700 iko wapi, ambaye benki ina dhamana yake binafsi ni nani na atamwondoaje, na kwamba biashara inaweza kwenda bila wale wawili. Akishindwa hilo la tatu, ajiandae kuwa muuzaji.